Jibu kwa katibu wa tawi: turudi uwanjani Sokoine, na mzee tumwambie nini?

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Mimi ni katibu wa tawi la mashabiki hapa Tukuyu. Kila timu yetu inapocheza Mbeya mjini huwa tunakodi Coaster moja kwenda Sokoine, lakini wenzetu watatu waliugua kwa pamoja mwezi Januari, tukasimamisha safari. Sasa tawi limegawanyika. Wapo wanaosema viwanja vifungwe mpaka UVIKO-19 iishe, na wapo wanaosema ugonjwa umeshakwisha, tuache kutishana. Baba yangu mdogo ana miaka 68 na ana kisukari. Anasema tukimwacha atapanda daladala aende peke yake. Je, turudi? Na mzee tumwambie nini?"

Jibu: Marahaba, Ndugu Katibu, na poleni kwa kuuguliwa. Jibu langu fupi ni kwamba rudini, ila msirudi kwa namna ile ile mliyokuwa mkienda. Nimesoma barua yako mara mbili, na mara zote jicho langu limesimama kwenye neno ambalo wewe umelipita haraka, yaani Coaster. Wanachama wenu wanabishana kuhusu uwanja, lakini kwa maelezo uliyonipa, mahali pa kwanza ninapopaonea shaka ni ndani ya gari, na pa pili ni mlangoni. Jukwaa lenyewe ninaliweka nyuma ya hayo mawili, nami nitaeleza sababu.

Ugonjwa huu husafiri kwa pumzi. Mtu aliyeambukizwa anapopumua, anapozungumza, na zaidi sana anapoimba au kupaza sauti, hutoa matone ya ukubwa mbalimbali. Yale makubwa huanguka chini ndani ya mita moja au mbili, na yale madogo kabisa hubaki yakielea hewani. Sisi wa nyanda za juu tuna mfano wake jikoni. Asubuhi ya baridi, kuni zikiwashwa huku mlango na dirisha vimefungwa, moshi hujaa mpaka aliyekaa kona ya mbali naye macho humwasha. Kuni hizo hizo zikiwashwa uani, aliye hatua tatu kutoka motoni hapati moshi wa kumsumbua, ingawa aliyeuinamia moto bado atakohoa. Chukulia pumzi ya mgonjwa kuwa ndiyo moshi, na utakuwa umeshika sehemu kubwa ya hesabu ya maambukizi: mahali pakiwa padogo na hewa haitembei, watu wakikaa karibu na kwa muda mrefu, wengi watavuta kilichotoka kwa mmoja.

Sasa tupime safari yenu kwa kipimo hicho. Mechi ni dakika 90 na mapumziko ya robo saa, mkiwa mmekaa mzunguko, yaani majukwaa ya wazi yanayouzunguka uwanja, juu hakuna paa, na upepo unashuka kutoka mlima Loleza na kupita vichwani mwenu. Kutoka Tukuyu hadi Mbeya mjini ni kama kilomita 70, na kwa kwenda na kurudi mtu hukaa ndani ya gari takriban saa tatu. Mmejazana kwenye viti, na kama mna tabia ya matawi mengine ninayoyafahamu, wapo na waliosimama katikati. Gari likipanda kutoka Uyole kuelekea Isyonje baridi inakaza, ukungu unashuka, na mtu wa kwanza anafunga dirisha lake. Wa pili anamfuata, na kabla hamjafika Kiwira vioo vyote vimefungwa na vimeota ukungu kwa ndani. Ukungu ule juu ya kioo, Ndugu Katibu, ni pumzi za watu wa tawi lako. Ikiwa timu imeshinda mnaimba njia nzima, na kuimba ndani ya chumba kilichofungwa ni miongoni mwa njia za haraka za kuueneza ugonjwa huu. Siwezi kuapa kwamba wenzenu watatu waliambukizwa ndani ya gari, lakini kama ningetakiwa kuanza uchunguzi, ningeanza kwa kuuliza walikaa viti gani.

Jambo hili limeonekana kwingine, na kwa watu wenye takwimu nyingi kuliko zetu. Mwezi Juni 2021, wakati wa mashindano ya soka ya mataifa ya Ulaya, idara ya afya ya jamii ya Scotland ilihesabu wagonjwa 1,991 waliosema walihudhuria tukio fulani linalohusiana na mashindano hayo wakati ambapo huenda walikuwa tayari wanaweza kuambukiza wengine. Kati yao 1,294 walikuwa wamesafiri kwenda London, ambako Scotland ilicheza na Uingereza Juni 18, lakini waliosema waliingia uwanjani Wembley walikuwa 397. Wengine walikuwa kwenye mikusanyiko mingine, kama ya baa na ya maeneo waliyokusanyika mashabiki. Ninakuomba uzisome takwimu hizi kwa uangalifu, kwa sababu mbili. Kwanza, zinaeleza walikokuwa wagonjwa, hazithibitishi walikoambukizwa. Pili, mashabiki wa Scotland waliopewa tiketi za mchezo ule walikuwa takriban 2,600 tu, kwa hiyo watu 397 si wachache hata kidogo kwa idadi hiyo. Mtu asije akalinukuu jibu langu akisema kwamba ndani ya uwanja hakuna ugonjwa.

Katika fainali ya mashindano hayo hayo, Julai 11, 2021, Wembley ilipokea watu zaidi ya 60,000, na mamlaka za afya za Uingereza baadaye zilikadiria kwamba watu 3,404 huenda waliambukizwa ndani ya uwanja au katika eneo linalouzunguka. Siku hiyo watu wasio na tiketi walivunja vizuizi na kuingia kwa nguvu, njia za ndani zikafurika. Wiki kadhaa kabla ya hapo, majaribio ya kurudisha mashabiki kwa kiasi yalikuwa yamefanyika hapo hapo, yakiwemo ya fainali ya Kombe la FA ya Mei 15 iliyohudhuriwa na watu wapatao 20,000 walioingia kwa kuonyesha majibu ya vipimo, bila kuzusha mlipuko wa namna hiyo. Uwanja ulikuwa ule ule. Kilichotofautiana ni wingi wa watu, namna walivyoingia, na kiasi cha ugonjwa kilichokuwa mtaani siku hizo, maana Julai wimbi la kirusi cha Delta lilikuwa limepamba moto. Hilo la mwisho mara nyingi tunalisahau: uwanja hauzalishi ugonjwa, hukusanya ule ambao tayari uko majumbani mwetu.

Pia wapo waliolipa gharama kabla dunia haijajua inashindana na nini. Februari 19, 2020, Atalanta ya Bergamo ilicheza na Valencia katika uwanja wa San Siro, Milan, na zaidi ya watu 40,000 walihudhuria, wengi wao wakiwa wametoka Bergamo kwa mabasi, magari na treni. Atalanta ilifunga mabao manne, maana yake ni kukumbatiana mara nne. Wiki chache baadaye Bergamo ikawa miongoni mwa miji iliyoumizwa zaidi barani Ulaya. Madaktari wa kule wameitaja mechi ile kama mojawapo ya vichocheo, na ukiitazama vizuri utaona picha unayoifahamu: watu wa mji mmoja, ndani ya vyombo vya usafiri, wanakwenda mji wa jirani na kurudi usiku wakiwa na furaha.

Niende mlangoni, kwa sababu hapo ndipo nina uchungu zaidi. Agosti 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Halle nchini Ujerumani walikusanya watu wapatao 1,400 kwenye ukumbi mjini Leipzig, wakawavalisha vifaa vidogo vya kupima nani amemkaribia nani na kwa muda gani, kisha wakawaburudisha kwa muziki. Walichokiona ni kwamba ukaribu mkubwa ulitokea wakati wa kuingia na wakati wa mapumziko, na kwamba mzunguko wa hewa ndani ya ukumbi ulikuwa na uzito mkubwa katika makadirio ya maambukizi. Sikushangaa niliposoma. Msimu uliopita nilikwenda kutazama mechi moja kubwa huku kwetu. Sitautaja uwanja wala waandaaji. Pembeni ya lango waliweka ndoo ya maji tiririka na sabuni, jambo jema, lakini lango lililofunguliwa lilikuwa moja, na karatasi ya tiketi ilikuwa inachanwa na mlinzi mmoja. Ilipofika saa tisa na nusu watu tulikuwa tumebanana kiasi kwamba mtoto mmoja mbele yangu alinyanyuliwa juu ya mabega ya baba yake ili apate hewa. Nilikaa katika msongamano ule zaidi ya nusu saa, kifua changu kikiwa kimegusa mgongo wa mtu nisiyemjua aliyekuwa anakohoa. Nilipofika ndani, nilikuta safu nzima za viti hazina mtu.

Ndiyo maana huwa sichangamki ninaposikia kwamba mashabiki wamepunguzwa kwa asilimia fulani. Katika AFCON iliyochezwa Januari na Februari 2022 nchini Cameroon, shirikisho la soka Afrika, CAF, lilipanga viwanja vijazwe kwa asilimia 60, na asilimia 80 pale wenyeji wanapocheza, na kila shabiki alitakiwa awe na cheti cha chanjo na majibu ya kipimo. Utaratibu ulikuwa mzuri kwenye karatasi. Januari 24, 2022, kabla ya Cameroon kucheza na Comoro kwenye uwanja wa Olembe, Yaoundé, watu walisongamana kwenye lango, wakakanyagana, wanane wakafariki dunia na 38 wakajeruhiwa. Kupunguza watu jukwaani hakumsaidii aliye nje ikiwa lango ni jembamba na kila masharti mapya yanaongeza dakika za kusimama. Uovu wa kirusi na uovu wa kukanyagana hukutana mahali pamoja, na dawa yao ni moja: milango mingi inayofunguliwa mapema. Hilo liko mikononi mwa waandaaji, nami ninawasihi wanaosimamia viwanja vyetu, Sokoine na Samora ya Iringa, wafungue milango muda wa saa nne kabla ya mpira kuanza na wauze tiketi mbali na lango. Lililo mikononi mwenu ni kuwahi. Mpira ukianza saa kumi, tawi liwe ndani ya uwanja saa saba na nusu. Mtapoteza saa mbili na nusu mkisubiri, lakini mtakuwa mmesubiri penye hewa.

Kwa wanaotaka viwanja vifungwe, ninaielewa hofu yao na sitaibeza. Nchi hii iliwahi kufanya hivyo: mgonjwa wa kwanza alitangazwa Machi 16, 2020, siku iliyofuata shughuli za michezo zikasimamishwa, na ligi haikurudi mpaka Juni 13. Wakati ule tulikuwa hatuujui ugonjwa, hatukuwa na chanjo, na ninaamini kusimama kulikuwa sahihi. Lakini tazama kinachotokea uwanja ukifungwa huku mpira ukiendelea kuchezwa na kuonyeshwa kwenye runinga. Mashabiki hawabaki majumbani. Wanaingia kwenye vibanda umiza. Nimeingia katika vingi, Mwanjelwa, Uyole na hata huko kwenu: chumba cha mabati au mbao, mabenchi yamepangwa mpaka mlangoni, madirisha yamezibwa kwa maturubai ili mwanga usiharibu picha na ili wapita njia wasitazame bure, na watu 80 wanapiga kelele mahali palipostahili watu 20. Kwa kipimo cha moshi niliokueleza, kibanda umiza ni jiko lililofungwa mlango. Kama ningelazimika kuchagua kati ya kumwona shabiki akiwa mzunguko Sokoine au akiwa ndani ya kibanda cha namna hiyo, ningempeleka Sokoine bila kusita.

Kwa wanaosema ugonjwa umekwisha, nina neno fupi zaidi. Wimbi la mwishoni mwa mwaka 2021 lilishuka, na hilo ni jambo la kushukuru, lakini huko nyuma mawimbi yameshuka na kupanda tena. Wasiutumie utulivu kuacha tahadhari zote.

Kuna jambo ambalo hukuliuliza, nami nalitaja kwa kuwa linanikera kila ninapokwenda uwanjani: vuvuzela linalopita mikononi mwa watu watano. Mwaka 2011, kabla UVIKO-19 haijajulikana, watafiti wa London waliwapa watu wanane wenye afya vuvuzela walipulize, wakapima chembe zinazotoka. Walipata wastani wa chembe 658,000 katika kila lita ya hewa; watu hao hao walipopaza sauti tu, walipata takriban 3,700. Kwa hiyo chombo kile humpulizia aliye mbele mvuke wa mapafu ya mpulizaji, na kisha mdomo wake uliolowa hupewa mtu mwingine. Pigeni ngoma. Pigeni makofi, pepeeni vitambaa, mwacheni kiongozi mmoja wa nyimbo asimame mbele na wengine waitikie. Vuvuzela kama ni lazima liwepo, liwe na mwenyewe na asimwazime mtu. Ni hivyo hivyo kwa kikombe cha komoni, ile pombe ya kienyeji, baada ya mechi, ambacho najua kwa desturi huzunguka; kila mtu aje na chake.

Machi ni mwezi wa mvua kwetu, na mvua hubadilisha hesabu yote. Ikianza kunyesha, walio mzunguko hukimbilia chini ya paa la jukwaa kuu na kwenye njia za kutokea, na pale walipokaa watu 10 husimama 40 wakiwa wamelowa. Beba koti la mvua au mwavuli, umwagize kila mwanachama afanye hivyo kabla hajapanda gari. Sijui kifaa cha kinga cha bei nafuu kuliko turubai la plastiki linalomwezesha mtu kubaki mahali pake penye hewa.

Kuhusu barakoa nitasema kama mtu anayeishi na watu. Sitarajii mashabiki wavae barakoa saa saba mfululizo, na nikiwadai hivyo watazivaa kidevuni mchana kutwa. Ninawadai mahali pawili tu, na hapo sitaki mjadala: ndani ya gari, kwenda na kurudi, na kwenye foleni mpaka mtu amekaa. Ifunike pua pamoja na mdomo. Ndani ya gari, vioo viwili vya mbele na viwili vya nyuma vibaki wazi kiasi cha upana wa kiganja hata kama Isyonje kuna baridi, ili hewa iingie upande mmoja na itokee mwingine. Wavae masweta na makoti. Asipande aliyesimama, na anayekohoa au mwenye homa asubuhi ya safari arudishiwe nauli yake yote. Nasisitiza nauli, kwa sababu mtu aliyekwishalipa huficha kikohozi. Nyimbo zisubiri mpaka mshuke.

Chanjo ilizinduliwa nchini na Rais Samia Suluhu Hassan Julai 28, 2021, na ilitolewa bure. Kazi yake kubwa ni kuzuia ugonjwa usifike kwenye hatua ya kulazwa na kuwekewa oksijeni. Haizuii kabisa mtu kuambukizwa wala kuambukiza, na kwa sababu hiyo aliyechanja naye avae barakoa ndani ya Coaster. Ile ya Janssen ilikuwa dozi moja, na mwili huhitaji kama wiki mbili kujenga kinga ya kutosha. Kama wewe kama katibu unaweza kuitumia orodha ya tawi kwa jambo moja zaidi ya michango, itumie kuwapeleka wanachama kituo cha afya kwa pamoja, nawe uwe wa kwanza kunyoosha bega.

Nimemwacha baba mdogo mwisho kwa kuwa ndiye aliyenifanya nijibu kwa urefu huu. Umri wa miaka 68 na kisukari ni mambo mawili ambayo kila moja peke yake humweka mtu katika hatari ya kuugua vibaya. Yakikutana, hatari huongezeka, na maambukizi yenyewe huivuruga sukari. Kwa hiyo hofu yako ni ya haki. Lakini ukimkatalia, amekwisha kukwambia atakachofanya, na daladala alilolitaja litakuwa na watu wengi kuliko gari lenu na hatakuwa na mtu wa kumfungulia dirisha. Usimpelekee amri, mpelekee ombi, na ikiwezekana aende mwanachama wa rika lake, kwa maana mzee husikia zaidi linalosemwa na mzee mwenzake. Mwombe achanje kwanza, na asisafiri mpaka wiki mbili zipite baada ya kukamilisha dozi. Katika muda huo apime sukari na azungumze na muuguzi wa kliniki yake. Ikiwa sukari haijatulia, mechi hiyo aisikilize redioni, na wewe umpigie simu wakati wa mapumziko mzungumze mpira.

Ikiwa imetulia, mpe kiti cha mbele pembeni ya dereva, dirisha likiwa wazi na blanketi miguuni. Muingie naye uwanjani mapema, mumkalishe mzunguko kwenye ukingo wa safu ili asizungukwe na watu pande zote, akiwa na maji na chakula chake ili asilazimike kupanga foleni wakati wa mapumziko. Mpira ukiisha msikimbilie mlango. Kaeni naye dakika 20 mpaka umati upungue. Siku ya tatu na siku ya tano baada ya safari mpitie nyumbani, umuulize kuhusu homa, kikohozi na pumzi, na akikwambia anachoka kuliko kawaida au anapumua kwa shida, usianze na nyungu, yaani kumfukiza kwa mvuke. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na waambie wahudumu kwamba ana kisukari kabla hawajakuuliza.